Levina, Mnyoa Miche wa Namawala

Ukitaka kuchekwa Namawala, jifanye unajua habari za wadudu kuliko wenyeji. Watafiti wa mbu wamekuwa wakiingia na kutoka kijijini humo tangu enzi za baba zetu, na mitego yao, na taa zao, na maswali yao yasiyoisha kuhusu nani alilala wapi na chandarua chake kilikuwa na matundu mangapi. Mkazi wa hapo, hata asiyejua kusoma, atakuonyesha mbu wa malaria kwa jinsi anavyoinua makalio anapotua ukutani. Ujuzi huo ni mzuri, sikatai. Ubaya wake ni kwamba umewafanya watu waamini kila ugonjwa una mdudu wake, na kila mdudu ana dawa yake ya kupulizia.

Levina alikuwa na sababu yake ya kuipenda imani hiyo. Mdudu hamtii mtu aibu. Mdudu anaweza kumwingilia yeyote, hata padri.

Alizaliwa upande wa Mahenge, akateremka bondeni akiwa msichana pamoja na dada yake Kandida. Wakapanga chumba Kibaoni, Ifakara mjini, wakawa wanakaanga vitumbua. Vilikuwa vitumbua vya kusifiwa. Wafanyakazi wa ofisini walikuwa wakituma watu wavifuate vikiwa bado vya moto, na Kandida, aliyekuwa na maneno mengi, alikuwa anamtania kila mteja mpaka anaondoka na viwili zaidi ya alivyokusudia. Kisha Kandida akaanza kukonda. Siku hizo dawa za kufubaza zilikuwa bado hazijawafikia watu wa aina yao, na jirani mmoja akamwambia mwenzake jambo moja tu: yule dada ana virusi.

Kwa Kiswahili chetu, anayesema "ana virusi" ameshamaliza. Hakuna anayeuliza virusi vya nini. Tangu siku hiyo vitumbua vya akina Levina vilipoa kwenye sinia. Kandida alipofariki, mama mmoja aliyekuwa mteja wao wa kila asubuhi alikuja msibani na kikombe chake kutoka nyumbani, akanywea chai humo, akakifunga kwenye kanga na kuondoka nacho. Levina alimwona. Hakumlaumu yule mama kwa sauti, lakini hakukaa tena Kibaoni. Aliolewa na Nazari, mvuvi na mkulima wa Namawala, akamzalia watoto, akamzika miaka mingi baadaye, na katika muda huo wote hakumweleza mtu yeyote kijijini dada yake alikufa kwa ugonjwa gani. Walijua tu kwamba alikuwa na dada. Wengine pengine walijua zaidi, maana Ifakara si mbali, lakini walikaa kimya, na Levina alikaa kimya, na mambo yakaenda.

Kijijini alijulikana kwa kazi moja: kunyoa miche. Miche ya mpunga ikikaa kitaluni kupita kiasi hurefuka, na ukiihamishia kwenye majaruba ikiwa mirefu hivyo, upepo huilaza kwenye maji ikaoza. Kwa hiyo hunyolewa. Unashika konzi ya miche, unakata ncha kwa mundu, unahamia konzi nyingine. Ukikata sana unaiua, ukikata kidogo umejisumbua bure. Levina alikuwa anakata bila kuangalia, huku anaongea na mtu pembeni, na kitalu kinachobaki nyuma yake kinakuwa kimelingana kama kichwa cha mtoto aliyetoka kwa kinyozi. Walisema ana mkono mwepesi. Kila msimu alianza na kitalu chake, kisha cha Dativa jirani yake, kisha akaendelea na vingine kufuata mfereji mpaka mwisho. Hakudai kitu. Aliandaliwa chakula, akala, akasifiwa. Nadhani sifa ndiyo iliyokuwa chakula chenyewe, maana mwanamke aliyewahi kubaki na sinia la vitumbua visivyonunuliwa anajua thamani ya kuitwa.

Mwezi wa kwanza mwaka huu, asubuhi ya siku ya kuanza kunyoa, bibi shamba wa kata, yaani afisa kilimo, alipita kwake na pikipiki. Aliitwa Agnella, binti mdogo tu, buti zake zimejaa tope.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu."

Agnella aliinama kwenye kitalu, akachuma jani, akalinyoosha kuelekea jua. Lilikuwa na vidoa vya njano vilivyojipanga kufuata mishipa yake. Akachuma jingine kutoka upande mwingine.

"Pole mama," alisema. "Mpunga wako una virusi."

Levina aligeuka kuangalia njiani. Hakukuwa na mtu, ila mbuzi.

"Usiseme kwa sauti," alisema.

Agnella alicheka, akidhani ni utani. "Si hivyo mama! Hivi ni vya mpunga. Wanaita kimyanga. Ng'oa miche yote yenye njano, ifukie mbali. Iliyobaki usiinyoe kabisa, maana huenda nayo inaumwa ila haijaonyesha. Mundu uoshe kwa sabuni. Na uwaambie majirani mapema, wasije wakanyoa." Akapiga teke pikipiki yake, akaondoka, maana alikuwa na mashamba mengine ya kupita kabla mvua haijashuka.

Ningependa kusema kwamba Levina hakuelewa. Angekuwa hakuelewa, ningemaliza hadithi hii hapa na tungemhurumia wote. Lakini alielewa vizuri sana. Hakuwa mjinga. Alielewa kwamba ni ugonjwa wa mpunga, haumhusu binadamu, hauhusiani na Kandida. Alielewa pia jinsi maneno yanavyotembea. Angemwambia Dativa, "mpunga wangu una virusi," Dativa angemwambia mwingine, na yule wa tatu angesema, "Virusi? Kwa Levina? Hivi dada yake si ndiye yule wa Kibaoni?" Akauona mbele ya macho yake ule mkono unaofunga kikombe kwenye kanga.

Aling'oa miche ya njano, akaifukia nyuma ya choo. Hilo alilifanya sawasawa. Kisha akanyoa iliyobaki, kwa sababu angeiacha mirefu watu wangeuliza. Kesho yake Dativa alikuwa anamngojea. Angekataa kwa sababu gani? Aliuosha mundu mferejini kwa maji matupu, akausugua kwa majani, akautazama unavyong'aa, akajiambia umetakata. Sabuni ilikuwa ndani, juu ya dirisha. Kuiendea ilikuwa ni kukubali kwamba kuna kitu cha kuoshwa, na yeye alishaamua hakipo.

Akanyoa kwa Dativa. Akanyoa kwa wote waliomwita.

Mpunga ulipandikizwa, mvua zikawa nzuri, watu wakaanza kuzungumzia mavuno kabla ya wakati. Halafu shamba la Dativa likaanza kupauka. Kwanza kona moja, kisha jaruba zima, kisha majaruba ya jirani kufuata mfereji, njano ile ile inayokaribia rangi ya chungwa. Mpunga uligoma kuchanua. Ulisimama mfupi, majani yamekakamaa, na aliyeijua kazi aliona hapo hakutatoka punje, ni mapepe matupu. Watu walikimbilia madukani Ifakara kununua dawa ya wadudu. Walipulizia asubuhi na jioni mpaka mabomba yakapasuka mipira, na vyura wakafa, na njano ikaendelea.

Levina alipulizia na wenzake. Hata hilo alilifanya.

Mdudu alipokosekana, akatafutwa mtu. Hakutafutwa mbali. Makoye, Msukuma, alikuwa amehamia pembeni ya kijiji miaka michache nyuma na mke wake na ng'ombe wachache. Alikuwa mpole, anasalimia kila mtu, analima mpunga kama wengine, ila alibaki kuwa mtu wa kuja. Mafuriko ya mwezi wa tatu yalipofunika njia ya mifugo, alikatiza na ng'ombe wake kwenye kingo za majaruba. Watu walikumbuka. Mmoja akasema ng'ombe waliukojolea mpunga, mkojo ukauunguza. Mwingine akauliza mbona shamba la Makoye mwenyewe ni kijani kibichi. Wa tatu akajibu kwamba amelizindika, Wasukuma wana dawa. Basi ule ukijani, ambao ungetosha kumwondolea mashaka mtu mwingine, kwake ukawa ushahidi.

Wiki moja ng'ombe wake mmoja, jike lenye mimba, alikutwa amekatwa mishipa ya miguu ya nyuma kwa panga. Ilibidi achinjwe. Makoye hakutaka nyama ioze, akaigawa, hata kwa wale aliowashuku, na kipande kimoja akamletea Levina kwa mkono wake mwenyewe. Levina aliipokea. Akaipika na nyanya, akala, akaosha sufuria. Halafu akaenda nyuma ya choo kutapika, na alipomaliza aliona amesimama juu ya pale alipofukia miche.

Usidhani hakujua afanye nini. Kila siku alijua. Aliamka akiwa ameshapanga maneno, akatoka nayo mpaka kwa Dativa, akafika, Dativa akamkaribisha kwa uso mkunjufu ingawa shamba lake limekufa, na yale maneno yakarudi yalikotoka. Dhambi ya kunyamaza ina tabia hiyo: kila siku unayoiongeza inafanya kusema kesho kuwe kugumu zaidi, kwa sababu sasa hutaungama tu lile kosa, utaungama na siku zote ulizolikalia. Kanisani aliacha kwenda kukomunika. Wanajumuiya walipomuuliza alisema tumbo linamsumbua, na haukuwa uongo wote.

Hatimaye mwenyekiti wa kijiji, Alphonce, aliitisha mkutano. Ajenda ilikuwa moja: Makoye aondoke au abaki. Kila aliyetembea kuelekea ofisi ya kijiji asubuhi ile alijua wengi wanataka aondoke, na Makoye mwenyewe alijua, maana alikuja amevaa shati lake la kanisani na mke wake alishaanza kufunga vyombo.

Alphonce, ambaye ana mapungufu yake lakini hapendi kusemwa wilayani, alikuwa amemwita pia bibi shamba aseme la kitaalamu. Na bibi shamba aliyekuja ni Agnella, ingawa siku hizo alikuwa amehamishiwa Mlimba. Levina alimwona akishuka kwenye pikipiki. Akajisemea, leo nimekwisha. Agnella alipita akiwasalimia kina mama waliokaa kwenye kanga zao chini, akafika kwake.

"Shikamoo mama. Habari za siku? Na wewe shamba lako liko huku huku?"

Levina aliitika marahaba. Alimtazama yule binti usoni na kuona hakuna kitu. Alikuwa amemsahau. Alishapita mashamba mengi mno, na Levina alikuwa mama mmoja kati ya mamia, mwenye kitalu kimoja kati ya mamia. Kwa hiyo duniani hakuna aliyejua isipokuwa yeye. Moyo wake uliruka kwa furaha, na kwa furaha hiyo alijichukia kuliko alivyowahi kujichukia tangu jambo hili lianze.

"Jamani," Agnella alianza, "ugonjwa mlio nao ni kimyanga. Unaletwa na virusi."

Mkutano mzima uliguna. Mzee mmoja alivua kofia.

"Ndiyo maana siku nyingine naogopa kulisema hilo neno," alisema Agnella. "Tulieni niwaeleze. Kirusi si mdudu. Mdudu anakula, anapumua, anazaa watoto wake mwenyewe. Kirusi hakifanyi hata moja. Ukikiweka peke yake juu ya jiwe kinakaa tu, hakina njaa wala haraka."

"Sasa kinaishije?" aliuliza Alphonce.

"Mwenyekiti, zile meseji za WhatsApp unazijua? Zinazosema mtumie kila unayemfahamu, usipotuma utapata balaa?"

Watu waliangua kicheko, maana Alphonce ndiye aliyekuwa akizituma hizo kuliko mtu yeyote tarafa nzima.

"Meseji haina miguu," Agnella aliendelea. "Ni maneno tu. Ila ikiingia kwenye simu yako, simu yako ndiyo inafanya kazi. Chaji ni yako, bando ni lako, kidole ni chako. Imeingia moja, inatoka hamsini. Kirusi ni hivyo hivyo. Ni maagizo yaliyofungwa kwenye kifuko kidogo ambacho hata kwa darubini ya kawaida hukioni. Kikiingia ndani ya jani, jani linaacha kujitengenezea chakula, linaanza kunakili virusi. Linanakili mpaka linachoka. Ndiyo hiyo njano. Nyinyi mmenunua dawa mkapulizia, lakini mlichokuwa mnapulizia ni meseji."

Mama mmoja aliinua mkono. "Mwanangu, na tukila wali wake? Hatupati?"

"Hapana mama. Kila kirusi kina mwili wake kinaouweza. Cha mpunga hakiwezi kuingia kwa mtu, na cha mtu hakiwezi kuingia kwenye mpunga. Na hivi havina undugu na vile mnavyovifikiria. Hata vile mnavyovifikiria, havipatikani kwa kula na mtu wala kunywa naye chai. Hilo mngekuwa mmeshalijua siku hizi."

Levina aliangalia chini. Aliwaza ingekuwaje kama miaka ile mtu angefika Kibaoni akasema maneno haya haya, na jinsi ambavyo yeye mwenyewe, aliyeyajua maneno haya bila kuambiwa na mtu, alikuwa ameishi kana kwamba ni uongo.

"Na kinasambaaje?" aliuliza mtu nyuma.

"Kirusi hakina meno, hakiwezi kutoboa jani. Kinangoja jani lijeruhiwe. Kuna mbawakavu wanatafuna, wanakibeba. Panya pia. Ng'ombe naye akipita akatafuna na kukanyaga, anaweza."

"Si mmesikia!" sauti kadhaa zilipanda kwa pamoja. Makoye alikunja mikono, akainamisha kichwa.

"Ngojeni nimalize! Na mkono wa mtu. Na mundu. Ukikata jani linaloumwa, maji yake yanabaki kwenye makali. Jani linalofuata ukilikata, ni kama umelichoma sindano. Sasa asubuhi nimepita mashambani. Kwa Makoye ng'ombe wanapita kila siku, na mpunga ni kijani. Yeye alimwaga mbegu shambani moja kwa moja, hakuwa na kitalu. Mashamba yanayoumwa yote ni ya kupandikiza, na miche yake ilinyolewa. Nataka kujua, nani alinyoa?"

Kila mtu alijua. Watoto walijua. Hakuna aliyemtazama Levina, na kwa kutomtazama kule Levina aliona wote wanamtazama. Alphonce alikohoa.

"Hapa kwetu kila mtu ananyoa kitalu chake," alisema.

"Kweli," akasema mwingine haraka. "Kila mtu chake."

Wakaitika wengi. Walimkinga bila hata kukonyezana, kama mtu anavyomkinga mama yake, na aliyetakiwa kulipia kinga hiyo alikuwa amekaa pale pembeni na shati lake la kanisani. Levina alimtazama Makoye. Aliona kwamba hajashangaa hata kidogo.

Akasimama. Kanga ilimdondoka begani, hakuiokota.

"Wanaongopa," alisema. "Ni mimi. Nilianza na changu, kilikuwa kinaumwa. Nikaja kwa Dativa na mundu ule ule. Nikaenda kwa wote. Makoye hajafanya kitu."

Akavuta pumzi ili aseme lile lililobaki. Hapo hapo Dativa aliinuka, akamshika mabega, machozi yanamtoka.

"Hukujua, mwenzangu! Nani angejua? Hukujua!"

"Hakujua!" wakaitikia kina mama, na mmoja akapiga kigelegele kama vile kuna aliyepona. Alphonce alisema hata yeye mwenyekiti hakujua, sembuse mama Levina, na kwamba kwa ujasiri huu kijiji kimepata fundisho, na kwamba suala la ndugu yetu Makoye limefungwa rasmi. Watu walimzunguka, walimkalisha, walimletea maji. Mdomo wa Levina ulikuwa bado wazi. Neno "nilijua" lilikuwa ulimini, fupi tu. Alisikia joto la mikono ya Dativa mgongoni mwake, akaufunga mdomo, akanywa maji.

Alikubali kusamehewa kosa ambalo hakulifanya, ili lile alilolifanya lipite nyuma yake.

Makoye alikuja kesho yake asubuhi na kidumu cha maziwa. Alisimama uani, akavua kofia.

"Shikamoo mayu," alimwita mama kwa lugha ya kwao. "Mke wangu amefungua mizigo. Wabeja. Asante sana. Hakuna mtu hapa angesimama kwa ajili yangu."

Alikuwa ameushika mfuniko wa kidumu, anaufungua na kuufunga. Levina alikuwa amejitayarisha kwa matusi ya kijiji kizima. Shukrani ya mtu huyu mmoja hakuwa amejitayarishia, na hakuiweza.

"Makoye," alisema, "usinishukuru. Nilijua."

"Ulijua nini, mayu?"

"Yule bibi shamba alikuja kwangu kabla sijanyoa kwa mtu yeyote. Amesahau tu. Aliniambia mpunga wangu una virusi. Aliniambia nisinyoe, niwaambie watu. Niliogopa lile neno. Nikanyamaza."

Makoye aliacha kuuchezea mfuniko.

"Ng'ombe wangu alikatwa, wewe unajua?"

"Ndiyo."

"Na nyama nikakuletea."

"Ndiyo, Makoye. Nilikula."

Mtu mwingine angetukana, na Levina alitamani atukane. Makoye alikiweka kidumu kizingitini taratibu, kisije kikamwagika.

"Maziwa nimeshayaleta," alisema. "Siwezi kuyarudisha nyumbani, mke wangu ataniuliza. Mimi umeniambia. Lakini mpunga haukuwa wangu, mayu. Wenye mpunga hujawaambia." Akavaa kofia yake na kuondoka.

Levina hakungoja hata kufunga mlango. Alijua akingoja atakaa, na akikaa itakuwa kama siku nyingine zote. Alifuata mfereji mpaka kwenye jaruba la Dativa. Dativa alikuwa ameinama majini, anang'oa mpunga wa njano na kuutupa ukingoni, ili walau apande kunde kabla unyevu haujaisha. Alipomwona rafiki yake alitabasamu, akajifuta uso kwa mkono wenye tope.

"Umekuja kunisaidia? Mgonjwa hafanyi kazi, nenda kapumzike. Jana umetutoa machozi."

"Dativa, mpunga wangu ulikuwa na virusi." Alilisema kwa sauti kubwa, mpaka waliokuwa kwenye jaruba la pili waliinua vichwa. "Niliambiwa. Siku moja kabla ya kuja kwako niliambiwa na bibi shamba, kwa maneno yale yale. Nilikuja kukunyolea huku najua."

Dativa alibaki vile vile ameinama, konzi ya mpunga mkononi, maji yanamchuruzika kwenye kiwiko. Levina alingoja. Alikuwa tayari kuulizwa kwa nini, na alikuwa na jibu, jibu lenye Kandida ndani yake, na vitumbua, na kikombe cha yule mama. Lilikuwa jibu la kweli, na huenda lingemliza Dativa.

Dativa hakuuliza kwa nini.

"Ulikuwa unaimba," alisema. "Siku ile. Nilikuwa jikoni nakuandalia uji, nikakusikia kule kitaluni unaimba. Nikasema moyoni, leo mwenzangu ana raha, ngoja nimwongezee sukari."

Levina alijaribu kukumbuka alikuwa anaimba nini, akashindwa. Dativa alikuwa ameshamgeuzia mgongo, anang'oa.